Vita, Njaa na Kimya: Kumbukumbu za Manusura wa Maji Maji

Utangulizi

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia kutoka Dar es Salaam walikwenda katika wilaya za kusini na mashariki mwa Tanzania kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Miaka 63 ilikuwa imekwisha kupita tangu vita hivyo vianze. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 siku mapambano yalipozuka alikuwa sasa mzee wa miaka 73, na kijana wa miaka 20 aliyeweza kushika silaha alikuwa na miaka 83. Kazi hiyo, iliyochochewa na wanahistoria kama John Iliffe na Gilbert Gwassa, ilifanywa katika saa ya mwisho. Lau ingecheleweshwa miaka kumi zaidi, sauti nyingi zingekwisha kuzimika.

Maandishi yaliyotokana na juhudi za kipindi hicho yametumiwa sana na wanahistoria. Wengi wao waliuliza maswali ya aina moja: vita vilianzaje, viliongozwa na nani, vilieneaje, na watu wa makabila mbalimbali waliunganaje. Hayo ni maswali ya haki. Lakini liko swali jingine ambalo wanafunzi wa lugha wana wajibu wa kulikabili, nalo ni hili: mtu aliyenusurika maangamizi hukumbuka kwa namna gani, na maneno anayoyatumia yana siri gani juu ya kukumbuka huko? Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutumia mfano wa Maji Maji. Hoja yake ni kwamba ushuhuda wa manusura hauwezi kupimwa kwa kipimo cha usahihi wa tarehe na majina peke yake. Katika ushuhuda huo mna mambo matatu yaliyofumana, yaani vita, njaa na kimya, na atakayetafuta la kwanza tu atakuwa amewasikia wazee nusu.

Yaliyotokea

Yafaa kwanza kukumbusha matukio kwa ufupi. Tangu mwaka 1902 serikali ya Wajerumani ililazimisha watu wa sehemu za kusini na mashariki kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Ujira ulikuwa mdogo hata baadhi ya watu wakakataa kuupokea. Juu ya hayo palikuwa na kodi, kazi za shuruti na viboko. Mwaka 1904 huko Ngarambe, karibu na bonde la Rufiji, Kinjikitile Ngwale alipagawa na pepo aliyeitwa Hongo. Inasimuliwa kwamba aliingia katika bwawa la mto na kutoka siku iliyofuata nguo zake zikiwa kavu. Aligawa maji ya dawa ambayo, kwa imani ya waliyoyapokea, yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete katika milima ya Umatumbi waling'oa miche ya pamba, na hiyo ikawa ishara ya vita. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mapema mwezi Agosti, lakini maji yalikuwa yamekwisha kuenea.

Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, wakafyekwa kwa bunduki za rashasha. Baada ya hapo mapambano ya ana kwa ana yalipungua na Wajerumani wakatumia silaha nyingine. Mwaka huohuo wa 1905 Kapteni Wangenheim aliandika kwamba kwa maoni yake ni njaa na dhiki tu zitakazoweza kuwatiisha watu moja kwa moja. Gavana von Götzen aliifuata njia hiyo: vijiji vikachomwa, maghala yakatekwa, mazao yakaharibiwa shambani, na watu wakazuiwa kulima. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa kwa pamoja, akiwamo Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano akanyongwa siku chache baadaye. Chabruma wa Mshope alikimbilia upande wa Wareno na kuuawa huko. Hesabu ya Wajerumani ilitaja Waafrika 75,000 waliokufa. Gwassa, baada ya kuzingatia njaa na maradhi yaliyofuata, alikadiria kwamba walikufa watu kati ya 250,000 na 300,000.

Tofauti ya hesabu hizo mbili inaonyesha jambo la msingi. Wengi wa waliokufa hawakuuawa na risasi. Walikufa polepole, porini na majumbani, wengine baada ya serikali kutangaza kwamba vita vimekwisha. Kwa hiyo aliyenusurika Maji Maji kwa kawaida ni mtu aliyenusurika njaa, na kumbukumbu yake imejengwa juu ya msingi huo.

Majina ya jambo

Katika nyaraka za Wajerumani tukio hili huitwa uasi. Neno hilo lina hukumu ndani yake, kwa kuwa mwasi ni mtu aliyevunja utii aliopaswa kuutoa. Katika Kiswahili wazee walisema "vita". Vita hupiganwa baina ya pande mbili zenye haki ya kusimama uwanjani, na anayesema "vita vya Mdachi" hajakiri kwamba Mdachi alikuwa bwana wake. Hapana haja ya kumhoji mzee juu ya siasa yake. Nomino aliyoichagua imekwisha kujibu.

Neno "manusura" nalo lastahili kuangaliwa. Limetokana na Kiarabu, ambako maana yake ni mtu aliyepewa nusura, yaani aliyesaidiwa na kupewa ushindi. Katika Kiswahili limekuwa jina la yule aliyetoka salama pale wenzake walipoangamia, lakini harufu ya asili yake haijaondoka: manusura ni mtu aliyeokolewa. Nani aliyemwokoa? Mungu, mizimu, jirani aliyempa kibaba cha mtama, au bahati tu? Neno lenyewe linamtwika mwenye nalo deni, na deni hilo ni sehemu ya uzito wa kukumbuka. Aliyebaki hana budi kujieleza kwa nini amebaki.

Yapo pia maneno yaliyokataa kutafsiriwa. Katika ushuhuda uliochapishwa kwa Kiingereza na Gwassa na Iliffe huko Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, limeachwa neno la Kimatumbi "njwiywila", yaani habari iliyopashwa kwa siri. Aliyetaka kuisikiliza alilipa pesa moja, akaenda kuwaambia wengine nao wakalipa. Limeachwa vilevile "likinda", jina la mazoezi ya kivita waliyofanyishwa waliopokea maji. Lugha ya kigeni ilipofika kwenye maneno hayo ilisimama. Ni maneno ya siku za matumaini, kabla ya maangamizi, na wazee waliyahifadhi yakiwa mazima baada ya zaidi ya miaka 60. Mtu angetazamia kwamba yaliyo machungu ndiyo yatakayokumbukwa kwa maneno mengi zaidi. Lakini katika ushuhuda huu siku za njwiywila zina msamiati mpana, na siku za njaa zina msamiati mfupi.

Yanayodumu na yanayopotea

Wachunguzi wa saikolojia wamejaribu kupima nguvu ya kumbukumbu za namna hii. Uchunguzi mmoja unaojulikana sana ni ule wa Willem Wagenaar na Jop Groeneweg, uliochapishwa mwaka 1990. Wataalamu hao walichunguza maelezo ya mashahidi 78 waliofungwa katika kambi ya Erika huko Uholanzi wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Baadhi ya mashahidi walikuwa wametoa maelezo yao katika miaka ya 1940, na wengine, wakiwamo baadhi ya walewale wa kwanza, walihojiwa tena katika miaka ya 1980, kwa hiyo iliwezekana kulinganisha. Ilionekana kwamba karibu wote waliikumbuka vizuri hali ya kambi: kazi, chakula kibovu, mapigo, mpangilio wa siku. Lakini tarehe zilipotea, majina yalipotea, na baadhi yao walikuwa wamesahau hata jina la mtu aliyewatesa. Wako waliosahau kabisa matukio mazito ambayo wao wenyewe walikuwa wameyaeleza miaka 40 nyuma.

Matokeo hayo yanawafaa sana wasomaji wa ushuhuda wa Maji Maji. Mzee wa mwaka 1968 alipochanganya majina ya maofisa wa Kijerumani, au alipoweka tukio la 1906 mahali pa tukio la 1905, hakuwa ameonyesha kwamba hakuyaona. Alikuwa akikumbuka kama binadamu wakumbukavyo. Kilichodumu ni mazoea ya mateso, yaani mambo yaliyorudiwa mara nyingi hata mwili ukayajua. Mfano mzuri ni msemo "hamsa ishirini", uliokuwa ukitumika kwa adhabu ya viboko 25 katika zama za Mjerumani. Jina la akida aliyeamuru lilisahauliwa, na jina la askari aliyechapa lilisahauliwa, lakini hesabu ya viboko ilibaki katika lugha, na kwa Kiarabu chake kilichovunjika. Idadi iliyohesabiwa kwa sauti juu ya mgongo wa mtu haikuhitaji kuandikwa.

Lakini kosa la kumbukumbu nalo lina faida yake. Alessandro Portelli, mtafiti wa historia simulizi huko Italia, alionyesha kwamba wafanyakazi wa mji wa Terni walikuwa wakisimulia kifo cha mwenzao, Luigi Trastulli, kana kwamba kilitokea mwaka 1953, wakati wafanyakazi wengi walipoachishwa kazi. Kwa hakika aliuawa na polisi mwaka 1949, katika maandamano ya kupinga kuingia kwa Italia katika mapatano ya kijeshi ya nchi za Magharibi. Tarehe ilihamishwa kwa sababu kifo hicho kilitafuta mahali penye maana. Mwanahistoria anayesahihisha tarehe na kwenda zake amepata ukweli mmoja na kupoteza mwingine.

Katika Maji Maji uhamisho wa namna hiyo unaonekana katika kuunganishwa kwa vita na njaa. Vitabu huweka mpaka: vita vilikwisha 1907, kisha kukawa na njaa. Kwa mwanakijiji mpaka huo haukuwapo. Askari waliochoma ghala walikuwa wakipigana, na mtoto aliyekufa miezi minane baadaye kwa kukosa nafaka iliyokuwamo katika ghala lile aliuawa katika mapigano yaleyale. Mzee anayejibu swali juu ya vita kwa kusimulia mizizi ya porini iliyoliwa hajaliacha swali. Amelijibu kwa ukamilifu kuliko lilivyoulizwa.

Thaddeus Sunseri, katika uchunguzi wake juu ya Uzaramo uliochapishwa mwaka 1997, alilionyesha jambo hili kwa njia nyingine. Alipousoma upya ushahidi wa huko, alikuta habari nyingi za njaa, za nguruwe mwitu walioharibu mashamba, na za wanawake waliobaki kulinda na kulima peke yao wanaume walipokwenda kufanya kazi mbali. Habari hizo zilikuwa zimewekwa kando na waliokuwa wakitafuta chimbuko la umoja wa taifa. Nguruwe hakuonekana kuwa na nafasi katika historia ya ukombozi. Lakini kwa mkulima ambaye serikali ilimzuia kuwinda, nguruwe alikuwa sura ya utawala iliyofika kila usiku.

Mzigo wa maji

Hakuna sehemu ya kumbukumbu hii iliyo nzito kama ile ihusuyo maji yenyewe. Maji yalikuja na miiko: aliyeyapokea alikatazwa kumkaribia mwanamke, kufanya uchawi, na kupora mali. Watu walipoona wenzao wakianguka, maelezo mawili yaliwezekana. La kwanza ni kwamba dawa ilikuwa ya uongo. La pili ni kwamba miiko ilivunjwa. Maelezo ya pili yalisikika sana, na yamedumu.

Wageni wengi wameyachukulia maelezo hayo kuwa ni ushirikina wa watu wasiotaka kukubali ukweli. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Anayesema miiko ilivunjwa anakataa kwamba ndugu zake walikufa bila sababu, kwa kudanganywa kama watoto. Anaihifadhi heshima yao. Hata hivyo heshima hiyo inanunuliwa kwa bei kali, maana kosa linahama kutoka kwa mwenye bunduki na kuja kwa aliyekufa, au kwa aliyebaki. Ni nani aliyevunja mwiko? Huenda ni mume wangu. Huenda ni mimi. Watafiti wa maangamizi ya karne ya 20 wameliona jambo hili mahali pengi: manusura mara nyingi hujilaumu kuliko wanavyomlaumu aliyewaangamiza. Kosa lenye jina lake huweza kubebwa, na msiba usio na sababu hauna mpini wa kuushikia.

Ebrahim Hussein aliuona ugumu huu alipotunga tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Mhusika wake mkuu ni kiumbe cha sanaa na hapasi kusomwa kama Kinjikitile wa historia. Lakini mwishoni mwa mchezo anakataa kutamka mbele ya Wajerumani kwamba maji yalikuwa uongo, ijapokuwa yeye mwenyewe amekwisha kuyatilia shaka. Mtunzi alielewa kwamba neno lililokwisha kuaminiwa na waliokufa si mali ya aliyelitamka tena. Wazee waliohojiwa mwaka uliotangulia walikuwa katika hali iyo hiyo: kuyakana maji kulikuwa kuwakana wafu.

Kimya na sababu zake

Wapo ambao hawakusema. Heike Schmidt, katika utafiti wake juu ya Ungoni uliotokea katika kitabu cha mwaka 2010 kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson, aliweka kimya katikati ya maelezo yake ya vita na yaliyofuata. Kimya hicho kina mizizi zaidi ya mmoja.

Mzizi wa kwanza ni kwamba wengi wa waliotekeleza maangamizi walikuwa Waafrika. Askari wa Kijerumani walikuwa wachache sana. Jeshi lilijaa maaskari kutoka Sudan na sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki, pamoja na rugaruga waliokusanywa kutoka kwa majirani. Kiwanga wa bonde la Kilombero alisimama upande wa Wajerumani, na hakuwa peke yake. Baada ya vita watu hao na wale walioteswa waliendelea kuishi nchi moja, wakaoana, wakazikana. Katika jamii ya namna hiyo kukumbuka kwa sauti ni kufungua kesi ambayo hakuna baraza la kuiamua.

Mzizi wa pili ni aibu ya njaa. Njaa huvunja sheria za ukarimu ambazo ndizo utu wenyewe: mtu hula akijificha, humnyima mgeni, huwaacha wazee njiani, huweka watoto rehani kwa wenye chakula. Aliyeyafanya hayo akapona hana hadithi ya kishujaa ya kuwasimulia wajukuu. Kiswahili hutofautisha "kukumbuka" na "kusimulia", na tofauti hiyo ni muhimu hapa. Kukumbuka ni tendo la ndani lisilohitaji ruhusa. Kusimulia huhitaji msikilizaji, mahali na idhini. Mtu huweza kukumbuka kila usiku na asisimulie hata siku moja.

Mzizi wa tatu ni kwamba wengine hawakuulizwa. Wengi wa waliohojiwa mwaka 1968 walikuwa wazee wa kiume, kwa kuwa mambo ya vita yalidhaniwa kuwa mambo yao. Wanawake walijulikana kama wajane wa mashujaa, isipokuwa wachache kama Mkomanile, mwanamke aliyenyongwa pamoja na viongozi wa Songea. Lakini katika miaka ya njaa mwanamke ndiye aliyejua ni mizizi ipi inayoua na ni ipi inayolika baada ya kulowekwa, na ndiye aliyeamua nani apewe kidogo kilichopatikana. Elimu hiyo yote ilikuwa ushuhuda, na sehemu kubwa yake ilizikwa na wenyewe.

Hata nchi yenyewe ilinyamazishwa. Watu walipopungua, pori na mbung'o vikapanuka. Sehemu kubwa ya nchi iliyokuwa na vijiji ikaja kuwa hifadhi ya wanyama, iliyopewa mwaka 1922 jina la Selous, na katika miaka ya 1940 watu wengi wa upande wa Liwale walihamishwa hifadhi ilipopanuliwa. Mnamo 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kumbukumbu ya mkulima hushikamana na mahali: mwembe huu, kaburi lile, kivuko kile. Anayehamishwa kutoka mahali pake ananyang'anywa pia vitu vilivyokuwa vikimkumbusha.

Kutoka kwa manusura hadi kwa taifa

Kumbukumbu haikubaki mikononi mwa waliokuwapo. Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa mwaka 1933 na kutolewa tena mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley, uliyaona matukio kutoka mji wa pwani, kwa bahari ya utenzi na kwa adabu zake. Mwaka 1956 Julius Nyerere, akihutubia Umoja wa Mataifa, aliwaeleza wajumbe kwamba watu walipigana kwa kuwa hawakukubali kwamba mzungu alikuwa na haki ya kuwatawala. Baada ya Uhuru Maji Maji ikawa shina la taifa jipya. Songea pakajengwa makumbusho, na siku ya 27 Februari ikawa siku ya kuwakumbuka mashujaa.

Hayo yalikuwa na thamani kubwa. Manusura aliyekuwa akijilaumu kwa kuvunja mwiko aliambiwa kwamba ndugu zake walikufa kwa ajili ya uhuru, na neno hilo ni dawa. Lakini dawa hiyo ilikuwa na masharti yake kama yalivyokuwa maji: aliyetaka kusikilizwa alipaswa kusimulia ushujaa. Liisa Malkki alionyesha jambo linalofanana nalo katika kitabu chake cha mwaka 1995 juu ya wakimbizi wa Kihutu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Wale waliokaa pamoja katika makazi ya Mishamo, magharibi mwa Tanzania, walikuwa wamejenga simulizi moja kubwa yenye mpangilio, ambayo kila mtu aliijua na ndani yake kila msiba ulikuwa na mahali pake. Wale waliotawanyika katika mji wa Kigoma hawakuwa na simulizi hiyo. Wengi walipendelea kuchanganyika na kutojulikana. Matukio yalikuwa yaleyale. Kilichotofautiana ni mahali pa kukumbukia na wenzi wa kukumbuka nao. Kwa hiyo simulizi yenye mpangilio mzuri si lazima iwe imetoka kwa yule aliyeona zaidi.

Kazi ya wanalugha

Sehemu kubwa ya ushuhuda wa Maji Maji imejulikana duniani kwa Kiingereza. Hasara yake si ya ladha peke yake. Ichukuliwe mifano mitatu ya sarufi. Mtu anaweza kusema "walichoma nyumba". Hapo mtenda ametajwa, japo kwa kiwakilishi tu. Anaweza kusema "nyumba zilichomwa". Hapo mtenda ametoweka na nyumba imeshika nafasi ya kiima. Tena anaweza kusema "tulichomewa nyumba". Kauli hii ya tatu, yenye kiambishi cha kutendea pamoja na cha kutendwa, humweka aliyedhulumiwa mwanzoni mwa sentensi, huibakiza mali yake kando yake, na humnyima aliyechoma hata nafasi ya kutajwa. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kubeba yote hayo. Mfasiri atalazimika kuchagua, na mara nyingi ataandika kauli ya kwanza. Hapo msomaji atadhani kwamba mzee alikuwa akimtaja adui, kumbe alikuwa akiitaja hasara.

Kitenzi "kufiwa" kina nguvu iyo hiyo. Kifo ni cha aliyekufa, lakini aliyefiwa ndiye kiima. Lugha imekubali kwamba kifo humtendekea pia aliyebaki. Mtafiti anayehesabu wafu tu atahesabu matokeo ya "kufa". Mtafiti wa manusura hana budi kuhesabu matokeo ya "kufiwa", na hesabu hiyo haikuwamo katika 75,000 za Wajerumani wala katika 300,000 za Gwassa.

Nyakati za vitenzi nazo zahitaji kuangaliwa. Msimulizi wa Kiswahili huanza kwa "-li-" na kuendelea kwa "-ka-", tukio likifuata tukio. Anapohamia kwenye "hu-" ameacha kusimulia tukio moja na kuanza kueleza mazoea; na anapotumia wakati uliopo kwa jambo la kale, jambo hilo bado liko mbele ya macho yake. Mabadiliko hayo hupotea mara nakala inaposahihishwa na mhariri anayependa nyakati zipatane. Sitasita, marudio na sentensi zilizokatwa pia hufutwa kwa jina la usafi. Katika ushuhuda wa maangamizi, mahali sentensi ilipokatika huenda ndipo penye habari.

Kwa hiyo inapasa maandishi asilia ya mahojiano, yaliyo kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za watu wa kusini, yatafutwe, yahifadhiwe na kuchapishwa kama yalivyosemwa, tafsiri ikiwekwa pembeni. Inapasa swali la mhojaji lichapishwe pamoja na jibu, ili ijulikane ni lini mzee aliongozwa na ni lini alijiongoza. Na vimya vitiwe alama. Wajibu huu hauhusu Tanzania peke yake. Afrika Mashariki imekuwa na maangamizi mengine ambayo manusura wake wangali hai, na makosa ya ukusanyaji wa 1968 yaweza kuepukwa mapema.

Hitimisho

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano na kuomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Miaka 118 ilikuwa imepita, na hakuna hata manusura mmoja aliyekuwa hai kuisikia radhi hiyo. Waliyoipokea ni wajukuu na vitukuu, ambao hoja yao mojawapo ilikuwa fuvu la babu yao linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Radhi ilitolewa kwa ajili ya vita, kunyongwa na mabaki ya miili, yaani mambo yenye tarehe na majina. Njaa haina kaburi moja ambalo mkuu wa nchi aweza kuliwekea shada. Iliua watu mahali pengi, polepole, na waliyoiona waliisimulia kwa maneno machache. Maneno hayo yamo katika nakala za mahojiano ambazo wengi wameziacha kwa kuwa zilionekana kutojibu swali. Yakisomwa upya, kwa sarufi yake na kwa kimya chake, yatasema ni nini hasa kinachodaiwa, na ni nani aliyefiwa.